Mbuzi wa Ngara na Mwiko wa Baba Mdogo

Wanakwaya wenzangu, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa sauti zote nne: wewe usiyekula nyama, huko kwa kina Deo ulikula nini? Nimejibu vipande vipande, kila mtu kapata chake, na sasa nasikia habari zinazozunguka si zangu tena. Kuna aliyesema nilizimia. Sikuzimia. Basi naandika mwenyewe, mara moja, na mambo ya tiketi na kuomba ruhusa kazini nayaruka kwa sababu hayana utamu.

Mnaonijua mnajua kwamba nyama inanishinda, samaki ananishinda, dagaa wananishinda. Si dini, si daktari, wala sikuoteshwa. Tangu nikiwa shule ya msingi ikifika mdomoni inagoma kushuka. Mayai nakula, maziwa nakunywa, na mlenda mkinipa sufuria nzima sirudishi kitu. Kwa Mgogo aliyezaliwa nyumba yenye zizi huo ni msiba, ila nyumbani walishazoea.

Kwa kina Deo hawakuwa wamezoea. Deo, mchumba wangu, amelelewa na bibi yake, Bibi Anjelina, na neno la bibi huyo kwake ni amri ya kumi na moja. Bibi alikuwa ametuma ujumbe: watu wake hawatakuja Dodoma kuposa mpaka kwanza binti aende Ngara na mtu wa kwao, wakae nyumbani kwake, wale chakula chake, awatazame. Akiridhika, posa inakuja. Asiporidhika, Deo atafute kwingine. Kwa hiyo nilikuwa naenda kufanya mtihani, na karatasi ya mtihani ilikuwa sahani.

Baba yangu alishafariki, mnajua, kwa hiyo aliyesimama upande wangu ni mdogo wake, baba mdogo Yona. Ni yule aliyemaliza mapaja matatu ya kuku kwenye kipaimara cha mdogo wangu, halafu akauliza kama bado wanaendelea kugawa.

Dodoma hadi Nyakanazi

Njia ya mpaka Kahama siisimulii. Pale Singida kuku wa kukaanga walipita dirishani, baba mdogo akawapokea, mimi nikala karanga na ndizi mbivu na kutazama mawe ya nje. Deo alikuwa ametangulia kwao kuandaa mambo.

Tulipofika Nyakanazi, kwenye wilaya ya Biharamulo, njaa ilikuwa imeshaanza kunibadilisha tabia. Basi likasimama, nikamfuata mama ntilie mmoja mwenye uso wa huruma.

"Dada, una chakula kisicho na nyama?"

"Kipo. Wali maharage."

Nikakaa kwa furaha. Maharage yakaja, mazuri, mekundu, na juu yake yanaogelea mafuta ya rangi ya dhahabu ambayo hayajawahi kutoka kwenye mmea wowote.

"Dada, humu hamna nyama kweli?"

"Hamna. Nimetia supu ya ng'ombe kidogo tu yapate ladha. Nyama yenyewe nimewapa wale madereva."

"Mimi hata supu yake sinywi."

Akaweka mwiko chini. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Msabato?"

"Hapana, ni Mwanglikana."

"Sasa?"

"Inanishinda tu."

Alinitazama kwa masikitiko, akaniambia nisubiri. Akarudi na maharage yale yale, safari hii kayachuja mchuzi. Nikamshukuru, nikanunua chapati mbili kavu na chai ya rangi, na baba mdogo akayamaliza maharage yale pamoja na mchuzi wake ili, alivyosema, tusimuudhi mtu wa watu.

Nyantakara, basi limepumzika

Hatukufika mbali. Maeneo ya Nyantakara springi ya nyuma ilikatika, basi likalala upande mmoja, na kondakta akatutangazia kwamba fundi yuko njiani. Fundi akiwa njiani kila mtu anajua maana yake. Abiria wakashuka, wakatandika khanga kwenye majani, wengine wakaanza kujuana.

Karibu na barabara palikuwa na nyumba na uwanja wa mahindi yaliyoanikwa. Mama wa pale, Mama Zaituni, alitukaribisha mimi na baba mdogo kwenye kivuli cha ukuta wake, tukamsaidia kupukuchua. Mikono ikifanya kazi mdomo nao haukai bure, kwa hiyo baba mdogo akamweleza habari zangu zote: mchumba, Ngara, Bibi, nyama, samaki, mpaka dagaa.

"Hata dagaa!" Mama Zaituni alisema, akaingia ndani.

Akarudi na ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, kizito, kinanukia. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nilikula tonge la kwanza, la pili, la tatu. La nne likaanza kunipa wasiwasi kwenye koo.

"Mama, kisamvu kina nini?"

"Karanga, kitunguu, na dagaa. Lakini usiogope, nimewatwanga mpaka wamekuwa unga. Hutawaona kabisa."

Nia yake ilikuwa safi kuliko ya watu wengi niliowahi kula kwao. Alidhani shida yangu ni macho yao. Baba mdogo alivuta bakuli upande wake taratibu, na mimi nikaokolewa na mahindi ya kuchoma. Mama Zaituni alinisindikiza mpaka karibu na basi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina mimba, maana yeye kwa mtoto wake wa pili alikataa hata harufu ya samaki. Nikamwambia hapana. Akanipa mahindi mengine mawili, nadhani kwa kutoniamini.

Lusahunga, mtihani wa majaribio

Fundi alipofika na basi likaondoka, baba mdogo akawa mpole ghafla. Nikajua ana jambo.

"Neema mwanangu, wale wa njiani umeweza kuwakwepa. Bibi hutamkwepa. Kipande kimoja tu. Unameza kama kidonge, unatabasamu, imekwisha. Ni maisha yako haya."

Alisema kweli. Nampenda Deo. Nimeshazoea kicheko chake na hata ile tabia yake ya kunipigia simu asubuhi kuniuliza kama nimeamka, wakati ndiye aliyeniamsha. Kumkosa kwa ajili ya kipande cha mbuzi ilikuwa aibu ambayo nisingejua hata namna ya kuieleza.

Kwa hiyo pale Lusahunga tulifanya majaribio. Baba mdogo akanunua mshikaki, akakata kipande kidogo kama punje ya hindi, akanipa na soda ya kusukumia. Nikafumba macho, nikatia mdomoni. Abiria wa siti za karibu walikuwa wameshaelezwa (kwa baba mdogo hakuna siri), wote wakawa wananitazama. Mama mmoja akasema, "Yesu msaidie." Nilitafuna. Niliomba. Kikagoma, nikakimbilia mlangoni, na msaada wa Yesu ukaja kwa njia ya kondakta aliyenifungulia haraka.

"Tutatafuta njia nyingine," alisema baba mdogo, akautazama mshikaki uliobaki, akaula.

Baada ya Nyakahura milima ikaanza na ubaridi ukaingia madirishani. Baada ya Benaco jirani yetu wa siti, mzee wa makamo anayetabasamu peke yake, akatuonyesha upande wa Lukole. Enzi za kambi za wakimbizi alikuwa akibeba ndizi kwenda kuuza huko na kurudi na baiskeli tupu kabla jua halijawa kali. "Siku hizi nani anunue?" alisema. "Kila mtu hapa ana ndizi zake." Nilipopata habari kwamba naelekea mahali ambapo kila mtu ana ndizi, moyo ulitulia kidogo.

Ngara mjini, na alichoelewa shangazi

Deo alitupokea stendi, na nilipomwona nilitaka kucheka na kulia. Kitu cha kwanza nilichomuuliza hakikuwa cha mapenzi.

"Uliwaambia?"

"Nilimwambia shangazi Skola kwenye simu, kabisa, kwamba Neema hali nyama. Akasema ameelewa, nisiwe na shaka."

Tukapanda bodaboda, kila mtu na yake, tukashuka kilima cha mji na kupanda kingine, migomba huku na huku. Bibi Anjelina alikuwa amesimama uani na shangazi Skola. Ni mwembamba, mrefu, na macho yake yanakaa juu ya mtu mpaka yamalize kazi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Karibu baba." Alinishika mkono hakuuachia, akanipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mbuzi dume mweusi, mnene, amefungwa kwenye mgomba, anatafuna.

"Skola ameniambia mjini hauri nyama," alisema Bibi. "Sikuraumu hata kidogo. Nyama ya mjini imerara kwenye friji, nani ajue irikufa lini? Lakini huyu umemwona mwenyewe. Anasimama kwa miguu yake. Kesho utakura."

Nikamtazama Deo. Deo akamtazama mbuzi. Baba mdogo naye alikuwa anamtazama mbuzi, lakini kwa namna yake.

Sahani ya mgeni

Kesho yake mchana tuliketi kwenye mikeka, ndugu na majirani kadhaa, na baba mdogo alikuwa amejichagulia nafasi ambayo upepo wa jikoni lazima umpitie yeye kwanza. Tangu asubuhi alikuwa akimsifu yule mbuzi kwa kila aliyepita. Shangazi Skola akaleta sahani ya mgeni: maini, yamekatwa vizuri, na juu yake kipande cha paja. Akaiweka mbele yangu. Bibi akaegemea mbele.

Nilishika kijiko. Nawaambia ukweli, nilikusudia kula. Mkono ulifika nusu ya njia, nikajua kwamba nikiendelea nitaaibisha ukoo wangu juu ya mkeka wa watu.

"Bibi," Deo alianza, "mimi nilisema kwamba—"

"Nyamaza. Wewe si mgeni."

Hapo baba mdogo akakohoa. Mkononi alikuwa ameshashika ubavu wake, ameupuliza upoe.

"Mama, tusamehe. Kosa ni letu kutosema mapema. Kwetu nyama ni mwiko. Si mtoto huyu tu. Ni ukoo, toka mababu."

Bibi alinyooka. "Muziro?"

"Ndiyo Mama. Huo huo."

Mkeka mzima uliguna. Mwiko wa ukoo, yaani huo muziro wao, si mzaha kule, na kwetu Wagogo si mzaha pia, kila ukoo una kitu chake usichogusa. Ila sijawahi kusikia ukoo ambao kitu chake ni nyama yote.

"Mngetuacha tuwarishe mwiko!" Bibi alisema, akainuka kwa haraka kuliko nilivyotegemea, akaondoa sahani yangu. Kisha akageuka, akanyoosha mkono. "Na wewe baba, rete."

Baba mdogo alikuwa hajafikiria sehemu hiyo. Nilimwona akifikiri pale pale, ubavu ukiwa hewani. Hakuwa na pa kutokea. Akauweka kwenye mkono wa Bibi kwa heshima zote.

"Lakini Wagogo si ndio wenye ng'ombe wengi?" shangazi Skola akauliza.

"Tunao, tunao. Wa maziwa."

"Na mbuzi?"

Baba mdogo alimeza mate. "Wa mbolea."

Kisha likatokea jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Bibi akaagiza chungu kipya, ambacho hakijaguswa na nyama. Mwiko mpya, sahani zilizosuguliwa kwa majivu. Njia nzima nilieleza kwamba inanishinda, na kila mtu alijaribu kunisaidia nijikaze kidogo zaidi. Lakini baba mdogo alipoitaja kama jambo la wazee wetu, hata moto wa kupikia uliwashwa mwingine. Sitaki yangu ilikuwa ugonjwa wa kutibiwa, mwiko wetu ulikuwa sheria ya kulindwa.

Na chakula! Ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikaanza kushikana, majani ya lengalenga yaliyotiwa mawese, parachichi linalokatika kama siagi. Nilikula mpaka shangazi Skola akacheka kwa raha. Nilikuwa sijashiba tangu Dodoma.

Upande wa pili wa mkeka baba mdogo alikuwa akila lengalenga jani mojamoja.

Siku za lengalenga

Mbuzi yule hakuwa na mwisho. Aliliwa mchana, akaliwa jioni, supu yake ikanywewa asubuhi. Majirani walipokuja kutuona walikula, na kila aliyekula aliuliza habari ya ule mwiko, na baba mdogo alilazimika kuusimulia huku akitazama mtu akimung'unya mfupa. Hadithi ikawa inakua. Kwa jirani wa kwanza babu yetu aliokolewa mtoni na ng'ombe. Kwa wa pili alikuwa mbuzi. Kwa paroko msaidizi aliyepita kusalimia walikuwa wote wawili, na kondoo.

Lililomfariji lilikuwa urwagwa, ile pombe yao ya ndizi, lakini hata hiyo alisema inafungua hamu ya kula kitu ambacho hakitaji jina.

Nilimwonea huruma. Siku moja tukiwa peke yetu nikamwambia, "Baba mdogo, nenda mjini Ngara kama unanunua vocha. Kula mishkaki yako urudi. Nani atajua?"

"Mji wenyewe kilima kimoja. Bodaboda wote nimeshaambiwa ni wajukuu wa Bibi." Kisha akasema bila utani, "Nikishikwa na mfupa, Neema, si mimi nitakayeachwa."

Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote nimemwona kama mcheshi wa sherehe, nikamchukua safarini kwa sababu baba hayupo na yeye yupo. Nilimpenda siku ile kama sijawahi kumpenda.

Mchana wa kuamkia safari, watu walikwenda shambani, na shangazi Skola akaacha sahani kwenye kigoda karibu na mkeka aliolala baba mdogo. Nyama ya kuchoma, imefunikwa nusu. Mimi nilikuwa naanua nguo. Niliona baba mdogo akiinuka, akitazama sahani, akitazama kushoto, kulia. Hakukuwa na mtu mwingine. Aliinama mpaka pua ikakaribia, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaifunika vizuri na kupaza sauti.

"Jamani! Mmesahau nyama yenu, kuku watapata!"

Akarudi kulala, akageukia ukutani.

Jikoni, asubuhi ya kuondoka

Bibi aliniita jikoni wakati Deo akifunga mizigo. Alikuwa anachochea moto chini ya chungu changu. Hakuzunguka.

"Baba yako mdogo anakura nyama."

Nikakaa juu ya gogo la kuni.

"Nimejua tangu siku ya kwanza," aliendelea. "Mtu mwenye muziro akisikia harufu yake anageuza uso. Yure alikuwa anafumba macho."

"Bibi, nisamehe. Alisema vile kwa ajili yangu. Asiyekula ni mimi. Sina mwiko, sina ugonjwa, inanishinda tu."

"Sasa si ungesema hivyo?"

"Nimeanza kusema tangu Nyakanazi, Bibi."

Akacheka, kicheko kikavu kifupi, kisha akaangalia moto. Nikawa nasubiri hukumu. Nilishaanza kupanga namna nitakavyomuaga Deo pale uani bila kulia mbele ya majirani.

"Niritaka kumuumbua siku ire ire," Bibi alisema. "Nikajizuia, nikasema ngoja nione atafika wapi. Jana nikamwambia Skola amwekee ire sahani, ikarudi nzima." Akageuka kunitazama. "Deo hana baba. Wewe huna baba. Mimi ni wa kuondoka. Nirikuwa najiuriza, siku mambo yakiwakwama nyinyi watoto, nani atasimama? Siku zote hizi nimemwona mtu mzima akikaa na njaa mbere ya mbuzi wangu, akidhani haonwi na mtu, ili mtoto wa kaka yake asiaibike. Huyo nikimwachia Deo, nitarara vizuri."

Nililia. Nilimwambia Bibi ni moshi, naye akakubali kwamba ni moshi, akajifuta macho yake pia.

"Mwite."

Baba mdogo aliingia na uso wa mtu anayeitwa mahakamani. Kutoka kwenye uchaga wa kukaushia juu ya moto, Bibi alishusha mguu mzima wa mbuzi, umekaushwa kwa moshi, umekuwa mwekundu. Akamwekea mapajani.

"Kura."

"Mama, ule mwiko wetu—"

"Umeisha reo asubuhi."

Baba mdogo alinitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa. Sitaeleza kilichofuata, kwa kuwa ni mtu mzima na ana heshima zake, ila Deo alipokuja kusema kwamba bodaboda zinasubiri alisimama mlangoni na kusahau alilotaka kusema.

"Sasa baba," Bibi aliuliza, akikaa chini mkabala naye, "sisi tuje rini Dodoma kuposa?"

Mdomo wa baba mdogo ulikuwa umejaa. Alijaribu kujibu, akashindwa, akajaribu tena. Mwishowe akanyanyua mkono wenye mfupa, akaelekeza nje kwenye zile bodaboda, kwamba twendeni wote sasa hivi.